Mwaka Mutua Alipoondoka na Kichwa cha Cherahani

Mutua alikuja Babati mwaka huu, baada ya karibu miaka hamsini. Alishuka stendi na fimbo yake, binti yake mkubwa amemshika kiwiko, na kabla sijafungua mdomo akanipapasa kutoka bega mpaka tumbo, akasema, "Umenenepa." Nikamwambia, "Na wewe umekwisha." Ndiyo salamu tuliyopeana, watu wawili ambao zamani tulilala chumba kimoja na kula sahani moja. Binti yake alikuwa na shughuli zake Dodoma, akaniomba nikae na baba yake siku tatu mpaka arudi kumchukua. Nikasema sawa, nyumba ninayo. Na kweli ninayo, vyumba saba hapa Maisaka, nimeijenga kwa mkasi na sindano, sikuachiwa na mtu. Vyumba vitano vimefungwa siku hizi. Tangu mke wangu, mama Rehema, afariki natumia viwili tu, na kimojawapo naingia kukaa ili kisishike harufu ya uvundo.

Siku tatu zile ndizo zimenifanya niandike sura hii. Habari za wazazi na ukoo mtanisamehe, hazikunishonea hata kifungo. Naandika mwaka mmoja tu, ule wa kutoka sabini na sita kuingia sabini na saba, wakati nchi yetu ilipokuwa inatoka kwenye Jumuiya na jirani zake, na mimi, kijana wa miaka ishirini, nikajifanya najua namna nchi inavyotakiwa kutoka.

Tulikuwa mafundi kwenye baraza la duka la Mzee Salimu. Babu yake mzee huyu alitoka pwani, lakini yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa, na Kigorowa, lugha ya wenyeji, alikisema kama aliyechunga ng'ombe. Aliuza vitambaa, chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na redio yake ilikaa juu ya kaunta kama mtoto wa mwisho. Cherahani ilikuwa moja, mafundi wawili. Miguu, yaani meza na pedali yake, ilikuwa yangu. Kichwa kilikuwa cha Mutua, alikuja nacho kutoka kwao Machakos. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumfukuza mwenzake. Mimi nilikata, yeye alishona. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, tena lenyewe sikulimaliza, na zile namba za kwenye futikamba zilinichanganya nikishafika arobaini. Nilipima watu kwa uzi. Uzi mmoja, mtu mmoja. Fundo la kwanza bega, la pili mkono, la tatu kifua, la nne kiuno, la mwisho urefu wa nguo. Watu walicheka mwanzoni, halafu walivaa wakanyamaza. Nyuzi tulizitundika kwenye misumari nyuma ya mlango wa duka, na Mutua ndiye aliyejua uzi upi wa nani. Alizishika tu kwa vidole akasema, huyu ni mwalimu wa Singe, huyu ni yule mwenye bega moja chini. Mimi nilifunga mafundo, yeye alikumbuka majina. Mpaka leo sijaona ushirika mwingine uliokwenda vizuri namna ile, na nimekuwa kwenye vyama vya ushirika vitatu.

Chumba chetu kilikuwa cha udongo, bati juu, dirisha la ubao lisilofungika. Vitanda viwili vya kamba, kimoja kila ukuta, na katikati nafasi ya sufuria. Mutua alipika makande siku mbili kwa wiki, mahindi na maharage aliyoyaanzisha asubuhi kabla ya kazi, na alikasirika sana nikiyatia mafuta mengi. Mimi nilileta perege kutoka ziwani. Aliwala kwa mashaka, akisema samaki hawa wameishi na viboko muda mrefu mno. Yeye alikula taratibu, akitafuna kila punje kama anaikagua, na mimi nilikula haraka kisha nikabaki namtazama, nikingoja atoe sauti yake ya koo inayoonyesha ameshiba. Sikujua wakati ule kwamba kumtazama mtu akila ni jambo la kulikosa baadaye. Nakula peke yangu sasa mwaka wa tisa. Mkwe wangu analeta chakula kizuri, anasema shikamoo baba, anaweka, anaondoka.

Kando ya duka Mama Zuhura aliuza chai na chapati, na hapo ndipo siasa zote za Babati zilipopikwa. Mabenchi mawili, meza moja iliyokuwa mlango wa nyumba fulani. Redio ya Mzee Salimu ikisema habari za Jumuiya, nani kazuia ndege, nani kashikilia mabehewa, meli ipi imelala bandari ipi, watu wa pale walikuwa na jibu kabla mtangazaji hajamaliza. Kila mtu alikuwa anasema tutatoka. Ubishi ulikuwa tunatokaje. Mkubwa wa ubishi alikuwa Bwana Petro, katibu wa tawi la Chama, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati. Siku moja alisema, "Jumuiya imeshakufa, imebaki mazishi. Niambieni nyinyi wananchi, tunatokaje?"

Mutua akajibu, ingawa hakuulizwa yeye. "Polepole, Katibu. Kuna meli hapo, kuna reli, kuna mtu amefanya kazi posta miaka ishirini anangoja kiinua mgongo chake. Si mkae chini mgawane, halafu kila mtu aende na chake? Mshono wa zamani unafumuliwa. Daudi ni fundi, mwulizeni. Ukiukata na mkasi unaharibu vitambaa vyote viwili."

Mimi nikasema, "Na kama mwenzako ameshakificha kitambaa chumbani kwake, utafumua nini? Ndege ziko kwenu. Tufunge mpaka leo, kugawana kutafuata. Kata."

"Mkifunga, mafuta yangu ya kukaangia yabaki upande huu," alisema Mama Zuhura. "Mengine kateni mnavyotaka."

Mzee Salimu akatoa kichwa dirishani. "Mimi ningependa tusitoke. Lakini mimi ni nani, muuza vifungo."

"Wewe ni muuza vifungo vya kutoka Nairobi, Mzee, ndiyo maana," Petro alimwambia, na watu wakacheka. Kisha akanigeukia mimi. "Huyu kijana ana msimamo. Hajasoma, lakini ana msimamo."

Maneno hayo nimeyabeba muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mtu mwenye kalamu mfukoni alikuwa hajawahi kunisifia. Na kwa kuwa nilisifiwa kwa neno moja, nikaanza kulisema kila siku. Kata. Kwenye chai, kata. Kwenye foleni ya maji, kata. Kwenye mkutano wa tawi nilisimama mbele ya watu nikasema nchi yetu si mwanamke wa kusubiri talaka mlangoni, itoke leo na ibamize mlango, na watu walipiga makofi. Mutua alikuwa amesimama nje, chini ya dirisha, kwa kuwa mkutano haukuwa wake. Tuliporudi nyumbani alisonga ugali, akaniwekea wangu kwanza, akasema, "Umesema vizuri. Ulikuwa huongei hivyo ulipofika hapa barazani." Nilidhani ananisifu.

Siku hizi vijana wangu wa dukani, sita, kila mmoja na cherahani yake, wanabishana mambo yaleyale. Mmoja anasoma kwenye simu kwamba jirani amezuia mahindi yetu, anasema tujitoe tu, kesho asubuhi. Mwingine anasema tulia wewe, tukijitoa hivyo hizo mbaazi utauza kwa shangazi yako? Wananigeukia, "Mzee, wewe unasemaje?" Nawaambia shoneni. Wanadhani mzee hafuatilii. Nafuatilia sana. Ila kila mtu anayesema kwa sauti kubwa jinsi nchi inavyotakiwa kuachana na nchi, mimi namtazama aliyekaa karibu naye.

Ubishi ulizidi kadiri mwaka ulivyoelekea kuisha. Neno nyang'au likaingia mjini, watu wa upande wa pili wakaanza kuitwa hivyo, wanyama wa kula mabaki, na lilisemwa kwa mzaha kwanza, halafu bila mzaha. Huko kwao mtu anamla mtu, watu walisema. Na Mutua alijibu mara moja tu ninayoikumbuka, akisema kwamba huku kwetu basi mtu hana hata cha kula. Watu walicheka, lakini Petro hakucheka, aliandika kitu. Mimi sikumwita Mutua nyang'au hata siku moja. Hilo nimelisema maisha yangu yote, kwa mke wangu, kwa wanangu, na kwa mchungaji.

Baada ya mwaka mpya cherahani ikaharibika. Ile sehemu ya ndani inayoshika bobini ilipasuka, tukatafuta Babati nzima, tukaagiza Arusha, haikupatikana. Mutua akasema atakwenda nacho kichwa Nairobi, kuna mtu anayemjua mtaa wa mafundi, na mwezi hautaisha kabla hajarudi. Asubuhi ya safari alikifunga kile kichwa ndani ya blanketi lake, akakizungushia kamba kama mtu anayefunga mtoto mgonjwa. Nikamwuliza, blanketi la nini, kuna gunia. Akasema gunia litakikwaruza. Alikuwa ameacha makande jikoni, sufuria nzima. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori la Hamisi, dereva wa hapa mjini aliyekuwa akipeleka maharage mpaka Namanga, na njiani bado tulibishana. Nilimwambia akirudi atakuta mpaka umefungwa na mimi nimeshinda. Akasema serikali zote mbili zina akili, hazitafanya hivyo, watu wana ndugu huku na huku. Akapanda mbele, akakipakata kichwa magotini. Nikarudi barazani, nikakaa mbele ya meza yenye tundu katikati.

Wiki ya tatu Hamisi alirudi kutoka Namanga. Ilikuwa mchana, saa ya chai, benchi zimejaa na Petro yupo. Hamisi alikuwa mtu wa kelele, alisimama palepale barabarani akasema, "Daudi, mwenzako nimemkuta Namanga, alikuja kunitafuta. Mashine imepona. Ila anauliza, hali inaonekana mbaya, arudi sasa hivi, au asubiri kwanza itulie? Anataka neno lako. Nakwenda tena keshokutwa."

Wote walinigeukia. Chapati ilikuwa mkononi mwangu, naikumbuka, ilikuwa imekunjwa mara nne. Nilijua jibu. Jibu lilikuwa rudi, rudi leo, nina nyuzi thelathini nyuma ya mlango na siwezi kuzitaja, na makande yalikwisha siku ya nne. Lakini Petro alikuwa ananitazama kwa lile jicho lake la kusubiri. Nikasema, "Mwambie asirudi kwa ajili yangu. Abaki huko aone nani alikuwa anasema kweli."

"Nimwambie hivyohivyo?" Hamisi aliuliza.

"Hivyohivyo."

Petro akanigonga bega. Mama Zuhura alichukua kikombe changu kabla sijakimaliza.

Nilikuwa na siku nzima ya kesho yake kwenda kwa Hamisi kubadilisha neno. Nyumba yake ilikuwa Sigino, si mbali kwa mguu. Nilifika mpaka karibu na zizi lake, nikaona watu wamekaa nje na yeye, nikageuka. Nilijiambia nitakwenda jioni. Jioni sikwenda. Baada ya siku chache redio ya Mzee Salimu ikasema mpaka umefungwa.

Nilikuwa nimesema utafungwa, ukafungwa. Nilishinda. Siku ile watu walininunulia chai, nikacheka nao. Halafu nikarudi chumbani nikasonga ugali, na nilipougeuza nikaona nimesonga wa watu wawili. Kesho yake vilevile. Mkono ulikuwa umezoea kiasi kile cha maji, na ilinichukua mwezi mzima kuufundisha. Nusu nilimpelekea mama mmoja jirani aliyekuwa na kuku. Kuku wa mama yule walinenepa mwaka ule.

Sikujua upweke una adabu zake. Kwanza nilianza kuchelewa barazani, kwa kuwa meza bila kichwa ilikuwa kama mdomo ulio wazi. Nilishona kwa mkono, vipindo, vifungo, viraka vya magunia. Mtu wa kukata asiyejua kushona ni nusu mtu, na mimi nikajifunza nusu ya pili peke yangu, kwa kuchoma vidole, hakuna aliyenifundisha. Kisha nikaanza kwenda barabarani kila basi la kutoka Arusha lilipoingia. Nilijifanya nanunua karanga. Niliangalia kila mtu aliyeshuka, hasa aliyebeba mzigo magotini, nikala karanga, nikarudi. Muuza karanga aliniuliza siku moja, "Fundi, kwani unasubiri mzigo?" Nikamwambia ndiyo, vifungo. Na kitanda cha Mutua sikukigusa. Mwenye nyumba alitaka kuniletea mpangaji wa pili, kijana wa idara ya maji, msafi, nikamwambia nitalipa chumba chote. Nililipa chumba chote miaka minne, mpaka nilipooa.

Nilidhani angalau nitabaki na watu wa kwenye benchi. Hawakubaki. Mpaka ulipofungwa kila mtu alianza kuangalia nani alikuwa karibu na nani. Petro alinijia barazani na daftari, akaniuliza Mutua alikuwa anaandika barua kwa nani, alikuwa anasikiliza redio gani, kwa nini alikwenda wiki chache tu kabla. Nikamwambia alikuwa anashona. "Miaka mitatu mnakaa chumba kimoja, na wewe hujui lolote?" Nikamwambia najua anavyokula. Hakuandika hilo. Baada ya hapo, nilipokaa benchi, upande wangu ulikuwa na nafasi. Waliopiga makofi nilipokuwa nasema kata hawakunifukuza, hapana, walisogea tu. Mama Zuhura aliendelea kunipa chai, akaiweka na kuondoka, na mwanamke yule hakuwahi kunyamaza mbele ya mtu. Nilimwuliza mara moja, "Mama Zuhura, nimekukosea nini?" Akasema, "Mimi hujanikosea. Kunywa chai itapoa."

Mzee Salimu pekee hakubadilika, na yeye ndiye niliyemwaibisha. Idi ilikuwa inakaribia. Alinipa kitambaa cheupe cha mwisho kilichobaki dukani, maana vitambaa vilikuwa vimekwisha na rafu zake zilionyesha ubao, akasema, "Daudi, nishonee kanzu. Uzi wangu si upo?" Nikasema upo. Kwa nini sikusema kwamba siujui uzi wake? Mzee alikuwa amesimama mbele yangu, ningempima upya kwa dakika moja. Lakini kumpima upya ilikuwa kukubali kwamba nyuma ya mlango mle hakuna hata uzi mmoja ninaoujua, kwamba Mutua aliondoka na majina yote. Nilisubiri afunge duka kwa ajili ya swala ya adhuhuri, nikashika nyuzi moja moja kama nilivyomwona Mutua akifanya, nimefumba macho. Vidole havikuniambia kitu. Nikachagua mmoja nilioona una heshima. Nikakata, nikashona kwa mkono siku tisa, mshono mdogo mdogo, kazi nzuri ambayo hata leo ningeionyesha. Asubuhi ya Idi Mzee Salimu akaivaa. Ilimfika katikati ya miguu. Baadaye niligundua ule ulikuwa uzi wa Petro, ambaye akikaa benchi miguu haikugusa chini.

Alijitazama chini muda mrefu. Nikaanza kusema nitaongeza kipande, nitaweka upindo wa rangi. Akaninyamazisha kwa mkono. "Mtume mwenyewe hakupenda kanzu ya kuburuza," alisema. "Kanzu ndefu ni kiburi. Acha hivi." Akaenda msikitini hivyo, mzee mzima, mashavu ya miguu nje, na waliomcheka aliwaambia sentensi ileile. Aliporudi alinikuta nimekaa barazani. Akakaa kwenye kigoda cha Mutua, ambacho hakuna aliyekikalia tangu alipoondoka, akasema, "Mwandikie barua. Zipo barua zinazopita kwa njia nyingine. Mimi nitaandika, wewe sema." Nikamwambia sina la kumwambia. Akanyanyuka. Aliniletea pilau kwenye bakuli la bati, na niliila pale barazani peke yangu, nimegeukia ukuta.

Hamisi nilimwuliza mara moja, mpaka ulipokuwa umeshafungwa. "Ule ujumbe ulifika?" Akasema, "Ulifika." Akafunga mlango wa lori. Basi nikaishi na hilo. Nilioa nalo, nilinunua kichwa kingine nikakifunga juu ya ile miguu, nikanunua cherahani ya pili na ya tatu, sare za shule za Singe na Sigino zikapita mkononi mwangu, ule mpaka ukafunguliwa tena, jumuiya nyingine ikaundwa, na mimi nilijua jambo moja kuhusu nafsi yangu ambalo watu hawakulijua. Nilimfungia rafiki yangu mpaka kabla serikali haijafunga. Sikwenda kumtafuta. Nilijiambia mtu niliyemtendea vile hatataka kuniona, na kila mwaka sababu hiyo ilizidi kuwa nzuri.

Siku ya pili ya Mutua hapa kwangu tulikula mchana sebuleni, mimi na yeye. Mkwe alikuwa amepika kuku wa kienyeji na ugali, akatuwekea, akaenda zake. Mutua haoni vizuri sasa, anatafuta nyama kwa vidole, lakini bado anatafuna vilevile, taratibu, kama anakagua. Nikaona nisipolisema pale nitazikwa nalo. Nikamweleza yote. Benchi, Petro, chapati, neno nililompa Hamisi hivyohivyo. Nikamwambia, "Nilikufungia nje kwa ajili ya sifa. Ndiyo hiyo. Sasa unajua."

Akaacha kutafuna. "Hamisi? Hamisi aliniambia umesema nirudi haraka sana. Tena akanipa mfuko wa mbaazi, eti umenitumia wewe." Akatingisha kichwa. "Hapo nilijua anadanganya. Wewe hukuwa mtu wa kutuma mbaazi. Lakini ya kurudi niliamini."

Sikuelewa. Nikamwuliza, kama uliambiwa urudi, na mpaka ulikuwa bado wazi, mbona hukurudi?

"Daudi, mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nikifunga ile mashine na blanketi nilijua sirudi. Huko Namanga nilikuja kuuliza tu, ndio moyo usinisumbue." Alipangusa vidole. "Kuna siku pale kwa mama wa chai. Yule jamaa wa kununua ngozi, sijui jina lake, aliniambia nyang'au, nishike kikombe kwa miguu ya mbele. Watu wakacheka. Mimi nikakuangalia wewe. Na wewe ulikuwa unacheka. Si kubwa, kidogo tu, na chapati mdomoni."

Nikamwambia sikumbuki.

"Najua hukumbuki. Hata mimi nikiwa wewe singekumbuka."

Nimeitafuta siku hiyo tangu hapo. Nimekaa kwenye kiti changu nikaipitia barabara yote, benchi, meza, kila mtu alikaa wapi. Mtu wa ngozi namwona. Kikombe nakiona. Kucheka kwangu sikuoni, na najua kulikuwepo, kwa sababu Mutua hakuwa mtu wa kumzulia mwenzake jambo. Miaka karibu hamsini nililinda kosa moja kubwa, nikalipangusa vumbi, nikajiona mtu mwovu mwenye uzito. Kumbe kosa lenyewe halikusikika hata na mimi niliyelifanya. Na yule niliyemsubiri barabarani alikuwa ameniaga moyoni akiwa bado ananiwekea ugali wangu kwanza.

Nje mtu alikuwa anapita na spika ya matangazo ya mbegu. Mutua alitafuta bakuli la mchuzi mezani kwa kiganja, nikamsogezea.

"Nikuulize," alisema. "Ulinisubiri?"

"Kidogo."

"Muda gani?"

Nilifikiri. Uso wake ulikuwa umegeukia upande wangu, macho yake yale meupe yakinitafuta, na niliona kwamba hilo ndilo lililomtoa Machakos na fimbo yake, wala si kuku wangu.

"Wiki mbili," nikamwambia. "Halafu nikapata fundi mwingine. Mtu wa Sigino. Alikuwa anashona kukuzidi."

Akatoa pumzi kifuani, ndefu. "Afadhali," akasema. "Afadhali sana. Hilo ndilo lilikuwa linanisumbua." Akakata tonge, akachovya, akaanza kula kwa hamu kama mtu aliyetoka shambani, na alipomaliza akaniomba ugali mwingine. Nikampakulia.